Mluzi Shingoni

Fundi cherehani hakuwa na jino la mbele, hakuwa na mke tangu afiwe, hakuwa na subira na mtu anayevaa shati lenye kifungo pungufu, na tangu juzi hakuwa na uhakika wa mkono wake wa kulia. Alikuwa akikata suruali, mkasi ukamponyoka. Vidole viligoma, kisha vikarudi kazini kama havikufanya kosa. Bila mkono ule, ufundi umekwisha.

Binti yake akampeleka hospitali kupimwa mishipa ya shingo, ile inayopeleka damu kwenye ubongo. Mpimaji, dada mmoja mchangamfu, alimwambia alale na afungue ukosi.

"Anza hapa," Fundi alisema, akimpa upande wa kulia. "Mkono ulioniasi ni huu."

"Huo unatawaliwa na ubongo wa kushoto, babu. Geuka."

"Mambo yanapishana hivyo? Nani alishona?"

"Baba, mwache mwenzio afanye kazi!"

Mpimaji akampaka ute wa baridi, akatelezesha kifaa chini ya taya. Kwenye skrini mshipa ulionekana kama mkono wa shati uliolazwa mezani. Sauti ikatoka: fyu, fyu, fyu. Kifaa kilipopanda, ikawa kali kama mluzi.

"Umesikia?" Fundi alimtambia binti yake. "Damu ya kijana hiyo. Inakimbia!"

"Babu, ukibana mpira wa maji kwa kidole, maji yanafanyaje?"

"Yanaruka mbali."

"Basi hapo pamebana. Mashine inapima mwendo wa damu. Ikikimbia hivi, najua njia imekuwa nyembamba."

Fundi akatega sikio. "Rudia," alisema. "Polepole, kuanzia chini."

Daktari alieleza kwamba zaidi ya robo tatu ya njia imeziba. Wakipasua, watausafisha mshipa. Wakiacha, kiharusi kinaweza kuja. Hata kupasua kwenyewe kuna hatari. Akampa muda afikiri.

Nyumbani binti alilia. "Wakukate shingo, Baba? Na usipoamka?"

"Ningeambiwa tu, ningebisha mpaka kesho. Lakini mluzi nimeusikia mwenyewe, mwanangu."

"Basi mpigie daktari simu."

"Shingo ni yangu, nitaandika barua."

Akamwandikia daktari kwamba amekubali kupasuliwa, na akauliza uzi watakaomshonea ni wa hariri au nailoni. Binti aliposoma, alicheka huku anafuta machozi. Fundi akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, na wote wawili wakaenda kuitia posta.