Namba Kumi na Tisa

Saa nne na dakika sita asubuhi mlio wa redio ulijaa chumbani: nukta na mistari ya Morse iliyogongwa kwa mkono, ikisita kidogo kila baada ya herufi ya tatu. Mtaalamu wa mawasiliano aliutambua kabla hajatazama skrini. Ulikuwa mkono wa kaka yake. Ndiye aliyeijenga setilaiti ile, akarekodi wito wake kwa vidole vyake mwenyewe, kisha akafariki kabla haijarushwa.

Roketi moja ilikuwa imemwaga angani setilaiti ndogo arobaini. Rada ilizipa namba tu. Ya kwao ni ipi, hakuna aliyejua. Betri ilibaki na chaji ya siku moja, na amri ya kukunjua paneli za jua ilitaka antena ielekezwe kwenye namba sahihi.

"Iliyo karibu nasi zaidi sasa ni kumi na moja," alisema mkuu wake. "Tuidai hiyo, dada. Tuma amri."

"Tazama mstari kwanza, bosi."

Mstari wa mlio kwenye skrini ulikuwa umenyooka kama rula. Kitu kinachokimbia angani, mlio wake huanza juu ukashuka, na mstari hupinda.

"Basi hicho hakikimbii," mkuu alisema, sauti ikishuka. "Kimekaa wapi?"

Chini ya mlio ule mtaalamu alisikia mwingine, hafifu, mkono uleule, ukisita vilevile, kana kwamba marehemu anajiitikia kwa mbali. Kisha akakumbuka. Kabatini kulikuwa na pacha wa setilaiti, wa majaribio. Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, alimwasha amsikie kaka. Leo alisahau kumzima.

Alifungua kabati, akachomoa betri. Mlio wa karibu ulikatika. Wa mbali ulibaki, ukishuka, na mstari wake ukapinda sawasawa na njia ya namba kumi na tisa.

"Kumbe mzimu tunao kabatini," mkuu alisema, lakini hakucheka. "Huyu pacha namfungia ofisini kwangu."

"Sawa."

"Na ile ya juu ikipokea amri, itaacha kuita. Itatuma takwimu tu. Nikubonyezee?"

"Hapana."

Alielekeza antena, akabonyeza. Saa nne na dakika kumi na nne wito ulikatika katikati ya herufi, takwimu zikaanza kuingia: betri asilimia tisa, paneli zimefunguka.