Koti la Jenereta

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajaoga yeye mwenyewe, Injinia alikuwa akiogesha jenereta.

Jina la Injinia alipewa na majirani kwa utani, naye akalipokea kwa mikono miwili. Kazi yake ni kuuza viatu. Mashine pekee aliyowahi kuifungua ni pasi ya nyumbani, na pasi ile haikurudi kuwa pasi tena. Lakini jenereta aliijulia hali. Aliitengea mswaki wake, akasugua ekzosi, akapaka magurudumu dawa ya viatu, akapangusa tangi mpaka ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Kisha akaivalisha koti zito lenye sponji ndani, lililoshonwa kwa vipimo na fundi wa suti za maharusi. Mkewe hakuwahi kushonewa hata leso na fundi huyo.

Kuiwasha je? Thubutu! "Ukiiwasha inachafuka," alisema.

Mkewe, Mama Vifaranga, alikuwa na mashine ya umeme ya kutotolesha mayai kwenye kona ya jikoni. Mayai ya kwanza yalimharibikia yote umeme ulipokatika, akalia kama aliyefiwa, ndipo mume akaapa kuleta jenereta. Ililetwa kwa ajili ya mayai. Tukumbuke hilo, maana mwenyewe alishasahau.

Jumamosi hiyo mayai yalikuwa yameanza kutoboka. Ukitega sikio ulisikia midomo midogo ikigonga maganda kutoka ndani. Mama Vifaranga alikuwa ameinama akitabasamu peke yake, mara taa ya mashine ikazimika. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

"Mume wangu, umeme!"

"Tulia. Siku yenyewe ndiyo leo."

Injinia akaingia chumbani, akatoka na ovaroli iliyopigwa pasi ikasimama mstari. Akaiburuta jenereta uani, akaivua koti taratibu, akamkabidhi mkewe alishike lisiguse vumbi. Majirani wakajaa kwenye uzio. Akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya.

"Inaona haya," akasema. "Watu mmezidi."

"Shemeji, mafuta yamo?" jirani mmoja akauliza.

"Yamejaa!"

Akavuta mpaka ovaroli ikalowa jasho mgongoni. Mama Vifaranga, koti mikononi, alikuwa akitazama mlango wa jikoni. Kila dakika iliyopita, mayai yalikuwa yakipoa.

"Na oili?" akauliza.

Injinia akajifuta uso. "Oili ilikuwa ya kahawia, inanata, mke wangu. Aibu tupu. Niliimwaga yote, nikapangusa mpaka ndani kwa kitambaa safi."

"Ukaweka nyingine?"

"Nisafishe halafu nirudishe uchafu?"

Mama Vifaranga akafungua kifuniko. Kijiti cha kupimia oili kikatoka kikavu, kinang'aa; na bila oili jenereta ile haiwaki. Pale uzioni mtu akapasuka kicheko. Yeye hakucheka. Alitaka kusema maneno ambayo hayasemwi mbele za watu, akabaki amekumbatia lile koti. Lilikuwa zito, na mikono yake ilikuwa imeshaanza kupata joto.

Akageuka, akaingia jikoni mbio.

Alichemsha maji, akajaza kwenye chupa, akazipanga kando ya mayai. Kisha akaifunika mashine kwa koti, akaacha tundu la hewa.

"Koti la jenereta hilo!" Injinia akapiga kelele mlangoni. "Litanuka kuku!"

"Jenereta yako inasikia baridi?"

Mke akakaa sakafuni mchana kutwa, akibadilisha chupa, akisikiliza. Umeme uliporudi jioni, vifaranga walikuwa wakilia kwa fujo chini ya koti la fundi wa suti za maharusi. Wachache hawakutoka, na hao aliwalilia. Lakini wengi walitoka, wamelowa, wabaya wa sura, wazima.

Nje, Injinia alikuwa ameshabadilisha nguo na kurudi uzioni, kifua mbele.

"Nawaambia, jamani," sauti yake ikapenya dirishani, "nisingeleta jenereta mimi, vifaranga wale wangekufa wote."

Mama Vifaranga akainuka kwa hasira, kifaranga mkononi, aende akamuumbue. Alipofika mlangoni akasita. Aliitazama jenereta, ikiwa uchi pale uani, haijawahi kuunguruma hata mara moja, akalitazama koti lililoshonewa jenereta hiyo. Akarudi kukaa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mumewe, kwa mara ya kwanza tangu aitwe Injinia, alikuwa amesema kweli.