Wageni wa Mkataba Waila Mbegu

Mwaka ule wa 1997, Yasinta, bibi shamba wa kijiji kimoja njia ya Mtera, alikuwa na jambo moja tu kichwani: orodha. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na kila aliyetoka Dodoma mjini alirudi na habari ya fulani aliyepewa barua na mkono wa kwaheri. Mabwana shamba watatu wa jirani walishakwenda na maji. Amebaki yeye, kama jino moja kwenye fizi.

Kisha mlango ukafunguka. Nchi ilikuwa imeridhia mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi bayoanuai, yaani uhai wa kila namna, kuanzia chura hadi punje ya mtama, na wizarani walitafuta mahali pa kuonyesha kwamba mkataba haukuishia kabatini. Yasinta akaandika ripoti. Alieleza kwamba kwa Bibi Ruthu, mkulima mzee wa pale kijijini, juu ya mafiga, kinaning'inia kibuyu cheusi kwa moshi, na ndani yake mna mtama mwekundu wa kale ambao hata ndege huususia. "Ni kibuyu cha mwisho," aliandika, akapigia mstari. Ushahidi hakuwa nao, lakini mtu anayetafuta kubaki kazini huandika kinachopendeza.

Jibu likaja upesi: Bwana Ambokile wa wizarani atafika na mtaalamu kutoka ng'ambo. Yasinta alijua kwamba siku hiyo ndiyo itakayoamua kama ataendelea kula mshahara au atarudi kwao Songea.

Basi gari likaingia kwa vumbi, kinamama wakapiga vigelegele, ngoma zikapamba moto, na Yasinta akacheza huku amebana faili kwapani. Kabla ya hotuba kukaletwa ugali mwekundu na mlenda. Mtaalamu alikula kwa mikono miwili, mlenda ukimvutika hadi kidevuni, watu wakimshangilia kila tonge. Yasinta alicheka mpaka machozi. Mambo yamenyooka!

"Sasa Bibi," alisema Ambokile akinawa, "tuonyeshe ile mbegu."

"Ipi tena?"

"Ile ya kwenye kibuyu."

"Si ndiyo hiyo mmeila, wanangu?"

Ngoma zikanyamaza. Mtaalamu alikuwa na tonge mkononi. Akalitazama, asijue alimeze au alihifadhi.

"Mgeni kavuka bahari kwa ajili ya mtama wangu," alieleza Bibi Ruthu, "halafu nimwonyeshe kwa macho tu? Uchoyo gani huo! Kwetu mgeni haonyeshwi chakula, analishwa. Nimeutwanga mwenyewe alfajiri."

Ambokile alimgeukia Yasinta polepole. "Bibi shamba, umeandika hapa 'cha mwisho'. Kwa hiyo tumeula mkataba?"

Yasinta alijiona tayari yuko stendi na begi lake. Akamweleza Bibi Ruthu, kwa sauti ya kilio, yale aliyoyaandika, na bibi yule badala ya kusikitika akaangua kicheko hadi akaegemea kinu.

"Cha mwisho nani kakwambia? Cha mwisho kwangu! Ulipita kwa Restuta ukauliza? Mbegu inawekwaje nyumba moja, nyumba ikiungua je?" Akapaza sauti. "Jamani, leteni!"

Kinamama wakatimua mbio, khanga zikipepea. Wakarudi na vibuyu, vikapu, na masuke yaliyofungwa kamba: mtama mwekundu, mweupe, wa masuke yaliyopinda, na uwele wa aina ambazo Yasinta hakuwahi kuziona. Mtaalamu alipiga magoti mavumbini akahesabu aina kumi na nne, akakumbatia kila aliyekuwa karibu, dereva akiwemo. Ngoma zikarudi kwa kishindo.

"Tuchukue nusu ya kila kibuyu," aliamuru Ambokile, "tupeleke benki ya mbegu."

Restuta, jirani wa Bibi Ruthu, akakikalia kikapu chake. "Huo mkataba wenu unatusemaje sisi?"

Ambokile alikohoa. "Unasema wenyeji waridhie kwanza. Na waseme masharti yao."

"Hapo sasa!" alisema Bibi Ruthu. "Sisi mbegu hatuipi ofisi. Tunampa mtu tunayemjua, akae tunapomwona. Siku akiondoka, mbegu inarudi."

"Mtu gani?"

Bibi alimwonyesha Yasinta kwa kidevu. "Huyu huyu mwongo wetu."

"Andika," alisema Restuta. "Na asihamishwe."

Ambokile alimtazama mtaalamu, na mtaalamu akatikisa kichwa kukubali huku bado amekumbatia kikapu. Basi Ambokile akaandika, akatia sahihi.

Yasinta alianguka miguuni pa Bibi Ruthu, akicheka na kulia kwa pamoja, asijue lipi litangulie. "Bibi, habari za orodha ulizijuaje?"

"Orodha gani?" aliuliza Bibi Ruthu. "Sisi tunajua tu kwamba kila tukimzoea mtu, wanamchukua."