Pedali Tatu za Merina

Merina alipoambiwa kwamba hatapiga gitaa kwenye rekodi, alicheka. Alidhani mzee anatania. Alikuwa amefika kanisani Michenga asubuhi na mapema, gitaa mgongoni, mfuko wa pedali mkononi, vitenge vya sare amevipiga pasi mpaka vimenyooka, akamkuta mwenyekiti wa kwaya, Mzee Stanislaus, amesimama mlangoni na mikono nyuma.

“Shikamoo, mwenyekiti.”

“Marahaba, Mama Happy. Sikiliza. Leo solo atapiga Edward. Wewe utakaa na wenzako sauti ya pili.”

Hapo ndipo alipocheka. Kisha akamtazama mzee usoni, akaona hakuna utani pale.

Huyo Edward ni mpwa wake mwenyekiti, mtoto wa dada yake, kaja wiki mbili tu zilizopita kutoka Morogoro na gitaa jekundu linalong'aa. Merina amepiga solo kwenye kwaya ile miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja, jamani! Amepiga misa, harusi, misiba, amepiga na mvua ikivuja juu ya spika, amepiga na mimba ya Happyness ya miezi minane, gitaa limekaa pembeni kwa sababu mbele hapakuwa na nafasi. Na katika miaka yote hiyo hakuna hata dakika moja ya gitaa lake iliyowahi kurekodiwa. Leo ndiyo siku yenyewe. Fredy, yule wa studio ya Ifakara, kaja na kompyuta yake, maiki na jenereta kwenye bajaji, na kesho ana kazi Mang'ula. Akiondoka kaondoka. Wimbo ukisharekodiwa, ndivyo utakavyosikika mpaka wajukuu.

“Nimekosa nini, mwenyekiti?”

“Hujakosa kitu, binti yangu. Ila mwanamke kukanyagakanyaga mashine mbele ya altare, mguu juu, sketi nayo inapanda, haipendezi.”

“Kwani Fredy anapiga video?”

“Hapana, ni sauti tu.”

“Sasa sauti inavaa sketi?”

Mzee Stanislaus akakohoa. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa.

“Usinijibu hivyo mbele za watu,” akasema. “Na hizo pedali ziache hapo, Edward atazitumia.”

“Pedali ni zangu.”

“Zinapigwa kanisani, kwa hiyo ni za kwaya.”

Sikia hiyo! Kwa hesabu hiyo, hata viatu vya mwenyekiti ni vya kwaya, maana kila Jumapili vinaingia kanisani. Merina damu ilimchemka mpaka masikio yakaanza kuvuma.

Na kinachouma zaidi ni kwamba pedali hizo hizo mwenyekiti amezicheka miaka yote. Ni vijisanduku vitatu vya chuma, kila kimoja hakizidi kipande cha sabuni ya kuogea. Mpiga gitaa huviweka sakafuni, waya wa gitaa unapita humo kabla ya kufika kwenye spika, na akikanyaga kimoja, sauti inageuka. Cha kwanza ni korasi: gitaa moja linasikika kama mawili yanayotembea pamoja, la pili likichelewa nusu hatua. Cha pili ni dilei, chenyewe kinatoa mwangwi, kama mtu anayeita chini ya milima ya Udzungwa halafu mlima ukamjibu. Cha tatu ni distoshen, kinachotia mikwaruzo. Hicho asiyekijua akikishika, gitaa linageuka mashine ya kukoboa mpunga. Merina alikitia kidogo tu, kama chumvi kwenye mchicha.

Vyote ni vya Kichina, bei ya chini kuliko zote, majina yake hata aliyeviuza hakuweza kuyasoma. Korasi ililetwa na kondakta wa basi kutoka Kariakoo, imefungwa kwenye soksi. Dilei ilikuwa ya bendi moja ya Ifakara iliyokufa. Distoshen ilikatika swichi mwaka wa kwanza, Ponsiano fundi redio akaing'oa ile mbovu akaweka nyingine aliyoitoa kwenye feni iliyoungua, na mpaka leo inakanyagwa haijawahi kulalamika. Wapo wanaotembea na masanduku makubwa yenye taa za rangi zote, sauti mia mbili ndani, na hawajui kutumia hata nne. Merina alikuwa na tatu, na hizo tatu alizijua kama anavyojua majaruba yake ya mpunga. Juu ya kila nobu, yaani vile vidude vya kuzungusha, alibandika kipande cha plasta akaandika kwa kalamu: saa 3, saa 6, saa 4. Aliiga kwa mwalimu fulani wa kwenye simu, ambaye alikuwa akitaja mahali pa kuelekeza nobu kwa saa, kama mshale wa saa ya ukutani.

Akaziacha? Ndiyo, aliziacha. Si kwa kumwogopa Stanislaus. Wanakwaya thelathini walikuwa wamekwisha kufika, wengine wamevuka mto kutoka Lupiro tangu alfajiri, na kila mmoja alikuwa amejinyima kitu ili Fredy aje. Merina aliona akianzisha ugomvi, siku itaharibika, na watasema ni yeye. Akaweka mfuko chini, akaenda kukaa sauti ya pili, kando ya Nyamizi.

“Umekubali?” Nyamizi akamnong'oneza. Nyamizi ni Msukuma, wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe, na ana sauti ya kuita mifugo ng'ambo ya mto. Hata kunong'ona kwake kulisikika hadi kwa wapiga ngoma.

“Niache, Nyamizi. Nikifungua mdomo sasa hivi nitatamka jambo la kwenda kuungamia.”

Fredy akapanga maiki zake. Akaeleza kwamba watapiga wote kwa pamoja, hana maiki za kutosha kumrekodi kila mtu peke yake, kwa hiyo akikosea mmoja wanarudia wote. Mwenyekiti naye akasimama kutoa maelekezo yake.

“Jambo moja. Pale kabla ya solo, muite kwa nguvu, ‘Edward!’ Kama bendi zinavyofanya. Inanogesha.”

Wanakwaya wakatazamana. Zile bendi za zamani zilikuwa na ada hiyo, mpiga solo anaitwa jina kisha anaachiwa uwanja, na Nyamizi aliwahi kuiomba kwa ajili ya Merina si mara moja wala mbili. Kila mara mwenyekiti alijibu kwamba nyumba ya Mungu si ukumbi wa dansi, humu haitwi mtu. Leo kwa mpwa wake, ruksa! Merina akauma mdomo wa chini mpaka akasikia ladha ya chumvi.

Edward akachuchumaa mbele ya pedali. Hakuwa kijana mbaya, tusimwonee. Alimwamkia Merina vizuri tu, ila hakuweza kumtazama. Akasoma zile plasta moja baada ya nyingine, akazungusha, akainuka, akaitikia kwa kichwa kwamba yuko tayari. Fredy akainua kidole. Ngoma zikaingia, besi ikaingia, kwaya ikaimba ubeti wa kwanza, wa pili, kisha wakaita bila moyo, “Edward!” Edward akakanyaga.

Yesu na Maria! Ilitoka kelele ambayo haijawahi kusikika ndani ya kanisa lile tangu lijengwe. Gitaa lilinguruma, mwangwi ukazaa mwangwi, na ule wa pili ukazaa mwingine mkubwa kuliko mama yake, mpaka madirisha yakatetemeka na mtoto wa mtu akaanza kulia nje. Fredy akavua spika zake za masikioni akazitupa mezani. Edward aliacha kupiga, mikono juu, na kelele ikaendelea kupanda yenyewe.

“Zima! Zima!”

Ikazimwa. Mwenyekiti akageuka, na hakumtazama aliyepiga. Alimtazama Merina.

“Mnaona? Mnaona sasa? Takataka za Kichina! Siku zote nasema, rahisi ni ghali. Mama Happy, vitu vyako vimetuaibisha.”

Vikishaharibika vimekuwa vyake tena! Asubuhi ni vya kwaya, saa hizi ni vya Mama Happy. Merina alisimama bila kujua kwamba amesimama.

“Mjomba, ni kweli vina matatizo,” Edward alikuwa akisema, ameinama. “Hii nobu imeandikwa saa sita lakini haifiki saa sita. Nimelazimisha imegoma. Imekufa.”

Merina akasogea. “Haifiki wapi?”

“Saa sita, mama.”

“Nionyeshe saa sita ilipo.”

Edward akaweka kidole upande wa chini wa nobu, kule kunakoelekea miguuni kwa mpigaji. “Si hapa?”

“Na saa tatu?”

Akaweka kidole upande wa kulia. “Hapa.”

Merina akavuta pumzi ndefu. Ukutani, juu ya mlango wa sakristia, kulikuwa na saa ya duara. Akamwelekeza. “Baba, tazama ile. Ikiwa saa sita mchana, mshale mfupi unaangalia wapi?”

Edward akatazama. “Juu.”

“Kwenye namba gani?”

“Kumi na mbili.”

“Na saa tatu asubuhi, wakati wa kunywa chai?”

Kijana akaifuata saa kwa kidole. “Kwenye tisa,” akasema polepole. “Kushoto.”

Kanisa zima likaangua kicheko, mpaka mpiga besi akaegemea ukuta. Mtu amezaliwa anasoma tisa anasema tatu, anasoma kumi na mbili anasema sita, hajawahi hata siku moja kukosea muda wa kula. Leo anapewa plasta ya Kiswahili anaisoma kwa Kizungu! Kila ambacho Merina alikitia kidogo, yeye alikijaza. Vijisanduku havikuwa na kosa lolote, vilitii vilivyoamriwa.

Merina akachuchumaa, akarudisha nobu zote mahali pake, akamwambia Edward apige uzi mmoja tu. Ukatoka safi, na mwangwi wake mdogo nyuma, ukafa taratibu. Hata Mzee Stanislaus alisikia. Na baada ya kusikia, mnadhani alisema nini? Aliomba radhi?

“Haya, vizuri,” akasema. “Edward, umeshaelekezwa. Mama Happy, rudi kwenye nafasi yako.”

Hapo Merina akashikwa na hasira ambayo hata yeye hakujua anayo. Alichomoa waya kwenye korasi, akachomoa kwenye dilei, akachomoa kwenye distoshen.

“Sirudi,” akasema. “Mwenyekiti, nakuheshimu, shikamoo yako nimekupa asubuhi na kesho nitakupa. Lakini pedali ni zangu, nimezilimia mpunga kwenye matope mpaka kiunoni. Solo ya wimbo huu nimeitunga mimi, nikiwa jikoni kwangu. Mmenitoa kwenye gitaa nikanyamaza. Mmechukua vitu vyangu nikanyamaza. Mmevitukana, na makosa si yake, nikawafundisha vinavyotumika. Na bado nirudi nikae? Mimi ni nani humu ndani, jiwe la kushikia mlango?”

“Punguza sauti, uko kanisani.”

“Hata iliyonguruma sasa hivi ilikuwa kanisani!”

Hakuna aliyecheka safari hii. Edward akajivua ule mkanda wa gitaa lake jekundu. “Mjomba,” akasema, “mimi hiyo solo sijaiweza hata kwenye mazoezi. Nilikwambia Alhamisi. Mwache mwenyewe apige.”

“Nimesema—”

“Wazee wangu, samahani,” Fredy akaingilia, ameshika dumu anachungulia ndani. “Mafuta yamebaki ya wimbo huu mara moja, labda mara mbili. Anayejua apige, tumalize.”

Mwenyekiti akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumuunga mkono. Hakupata. Akaenda kukaa kwenye benchi la mbele.

Merina akachomeka nyaya upya. Akafuta mikono kwenye kitenge. Fredy akainua kidole. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na pale palipopangwa kuitwa yule mwingine, Nyamizi akatanguliza kichwa mbele ya maiki akaachia sauti yote aliyojaliwa.

“Merinaaa!”

Si Mama Happy. Merina. Akakanyaga korasi, akakanyaga dilei, na gitaa likaitika. Alipiga kwa hasira za miaka kumi na moja, lakini vidole havikupotea hata mara moja. Mwishoni akagusa distoshen kidogo tu, mikwaruzo ikapita juu ya ngoma, akaizima kabla watu hawajashiba. Kwaya ikapokea kiitikio kwa nguvu ambayo haikuwapo asubuhi.

Ulipoisha, Fredy aliusikiliza tena peke yake. Kisha akainua dole gumba.

“Umeingia wote,” akasema. “Safi kabisa.”

Mzee Stanislaus akainuka kwenye benchi. “Wimbo ni mzuri. Ila hilo jina ulitoe.”

“Halitoki, mzee. Limelala juu ya gitaa. Nikikata jina, nakata na solo.”

“Basi turudie. Bila kuita mtu.”

Fredy akatazama dumu lake. Merina alikuwa bado amesimama, mguu karibu na pedali, jasho linamtiririka shingoni.

“Turudie tu, mwenyekiti,” akasema. “Mimi sina haraka. Ila safari hii wataniita wote.”

Mzee akageuka kuwatazama wanakwaya. Nyuso thelathini zilikuwa zikimtazama yeye, za Wapogoro, za Wandamba, za Wasukuma, na Edward kati yao, amekwisha kujipanga sauti ya tatu. Hakuna aliyetabasamu, hakuna aliyeinamisha macho.

“Uache hivyo hivyo, zima jenereta,” mwenyekiti akamwambia Fredy, akatoka nje.