Uso wa Mwokaji

Yule mwokaji hakuwahi kumiliki kipimajoto. Alifungua mlango wa tanuri la kuni, akasogeza uso, akasema "tia" au "ngoja", na mikate ikaiva vizuri. Binti yake, aliyekanda unga, alimtania kwamba uso huo ukatiwe bima.

Lakini tangu achomwe ile sindano, uso ulimsaliti. Daktari alimweleza bila kuficha: saratani ya tezi dume hulishwa na homoni za kiume, na sindano inazizima ili saratani ikose chakula. Angepata joto la ghafla, jasho, uchovu, na hata hamu ya mke ingefifia. Nyumbani alimwambia mkewe tu. Amwambie binti mambo kama hayo, halafu amtazame vipi?

Asubuhi hiyo joto lilimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni akiwa mlangoni mwa tanuri. Akaona moto umezidi, akachomoa kuni. Mikate ikatoka imepauka, katikati mbichi, na wateja wameshapanga foleni.

"Baba, unaumwa?"

"Kuni zako mbichi."

"Kavu hizo. Nimezichagua mwenyewe."

Akaketi, akasimama, akafuta meza iliyokwisha kufutwa. Sindano ya pili ilikuwa kesho, naye alishakata shauri haendi. Ugonjwa wenyewe haukumuuma popote. Dawa ndiyo iliyokuwa inamnyang'anya kazi mbele za watu. Aliogopa, ila kwa kuwa yeye ni yeye, alikasirika.

Akatoka uani kupunga upepo. Kulikuwa na baridi ya kutetemesha, tanuri liko mbali, na bado jasho likamtiririka. Binti alimfuata na taulo, akamgusa shingo.

"Unachemka, Baba. Na tanuri limepoa."

Hapo uongo ulimwishia. Akamweleza yote, ya chumbani akayaruka, macho yake yakiwa chini.

"Na ukiiacha sindano?" binti aliuliza.

"Saratani itapata chakula tena."

Binti alimwachia taulo. Alirudi ndani, akachochea moto, akaujazia kuni. Baada ya muda mwokaji akamfuata, akafungua mlango wa tanuri, akasogeza uso.

"Tia," alisema.

Binti akasogeza wake, akafumba macho.

"Ngoja, Baba."

Mwokaji akafunga mlango wa tanuri. Akajifuta jasho, akangoja.

"Kesho utaoka peke yako," alisema. "Mimi asubuhi nina sindano."