Baraza Lililoota Mahakamani

Ijumaa ile Mma Galeboe alisimama pembeni ya kizimba, viatu vikimbana, akigeuza Kiingereza cha hakimu kuwa Kitswana na Kitswana cha washtakiwa kuwa Kiingereza. Ndiyo iliyokuwa kazi yake katika mahakama ya Mmatshipi, mji mdogo wa Botswana. Kesi iliyobaki ilikuwa ya mzee Kelapile, mchunga mifugo, aliyekutwa na ng'ombe wa watu zizini mwake. Nje, basi la kwenda kijijini lilikuwa limeanza kupiga honi. Kesho yake binti wa dada yake Mma Galeboe alikuwa anaolewa, na vyungu vilikuwa vinamsubiri yeye.

"Muulize kama anakiri shtaka," alisema hakimu.

"Rra," alisema Mma Galeboe, kama kule wanavyomwita mwanamume kwa heshima, "kgotla inauliza, kosa ni lako?"

Mswahili ana baraza, ana mahakama, ana korti, na kila neno lina mlango wake. Kule watu husema kgotla, na mlango ni huo huo, iwe ni wazee wamekaa ndani ya wigo wa magogo kwa chifu, iwe ni hakimu na joho lake. Ukitaka kutofautisha, inabidi uongeze maneno. Mma Galeboe siku zote huyaongeza. Siku hiyo hakuyaongeza.

Mzee alivua kofia, akajibu kama mtu anavyojibu kwa chifu.

"Kosa ni langu, mma. Ng'ombe kalala zizini mwangu, basi nitaulizwa mimi. Ila aliyemleta ni mpwa wangu Mothusi. Mimi nilikuwa malishoni, sikujua. Waiteni wajomba zangu tukae, tuzungumze."

"Anasema kosa ni lake," Mma Galeboe alimwambia hakimu.

"Basi? Mbona kasema mengi?"

Honi ikalia tena.

"Ni hayo tu, Mheshimiwa."

Mzee alifungwa miaka mitano. Aliishukuru kgotla kwa heshima, akafuatana na askari, akiamini anapelekwa mahali pa kusubiria wajomba.

Jumatatu, magogo ya mti wa mopane yalikuwa yameota kwenye sakafu ya mahakama, yamepangika nusu duara kati ya kizimba na meza ya hakimu. Saruji haikupasuka. Karani alitundika koti lake kwenye gogo moja, akafungua kikao. Siku chache baadaye wakaja wazee waliokwisha kufa, kila mmoja na kigoda chake, wakawasha moto mdogo katikati. Mmoja wao alikuwa baba wa hakimu, na maneno ya wafu kila mtu aliyasikia kwa lugha yake. Hakimu alimwamkia, akauliza kama huko kuna mvua, kisha akaendelea na kesi ya talaka. Mawakili walilalamikia moshi, madirisha yakafunguliwa.

Wazee hawakumsumbua mtu. Ila kila Mma Galeboe alipofungua kinywa, waligeuka wote wakamtazama. Hata walipotazama moto, alihisi macho yao shingoni. Akaanza kutafsiri kila kitu. Mshtakiwa akikohoa, alisema, "Mheshimiwa, amekohoa." Shahidi akiguna, alisema ameguna, na jinsi alivyoguna.  Picha za harusi zilipoletwa nyumbani, aliziweka kabatini bila kuzitazama.

Asubuhi moja, hakimu akisoma faili, baba yake aliuliza, "Mwanangu, yule mzee wa Ijumaa alimaliziaje maneno yake?"

Mma Galeboe aliyasema yote kwa lugha zote mbili, mpaka wajomba.

Wazee wakamwita Mothusi. Alikuja kutoka malishoni, kofia mkononi, akakubali kosa. Waliulizana, wakabishana, wakacheka kidogo, wakatema mate motoni. Mwishowe walisema ng'ombe arudishwe na mtamba juu yake, kijana achapwe, na Kelapile aende nyumbani. Kijana akachapwa pale pale. Askari wa mahakama alimsaidia kuvaa shati.

"Na mimi?" aliuliza Mma Galeboe.

"Wewe nani kakushtaki?"

"Najishtaki mwenyewe."

"Hiyo hatuijui sisi," walisema. "Keti, mama."

Adhuhuri alimfuata hakimu ofisini.

"Niliwasikia," alisema hakimu. "Wamekata shauri vizuri, baba alikuwa hodari. Lakini mwenye kumfungulia mtu gereza si wao, wala mimi siwezi kuifuta hukumu yangu. Labda Mahakama Kuu. Na huko utaapa kwamba ulikata maneno ya mshtakiwa. Kazi utaipoteza, Mma. Huenda ukasimama kizimbani wewe."

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

Alielewa vizuri. Aliwaza watoto wa marehemu kaka yake aliokuwa akiwasomesha, akawaza jinsi watu wangemtazama kanisani. Wiki ikapita, ukapita mwezi. Hakwenda kuapa.

Alichofanya ni kununua ugoro, akaenda gerezani.

Mzee Kelapile alikuwa amekonda, lakini alifurahi kumwona. "Mma wangu wa kgotla! Wazee wamekaa?"

"Wamekaa, rra. Wamesema uende nyumbani."

"Mothusi je?"

"Kachapwa."

"Vizuri. Na ng'ombe wa watu?"

"Karudi kwao."

Mzee alishusha pumzi, akavuta ugoro, akapiga chafya ya raha. "Mimi niliwaambia hawa vijana humu. Nikasema, mimi sikufungwa, mimi nimewekwa tu wazee wakutane. Wananicheka!"

Mma Galeboe alifungua kinywa amwambie kuwa kgotla ni mbili. Maneno alikuwa nayo, yote.

"Sasa tunatoka wote, mma, au nisubiri waje?"

"Subiri waje, rra."

"Haya. Wewe ni mtu mwema."

Alikwenda kukunja blanketi lake. Mma Galeboe alikuwa bado anavuka uwanja wa gereza alipomsikia nyuma yake, akimwuliza askari mlango hufunguliwa saa ngapi.