Chumvi ya Harusi

Furera Sulaiman aliandika kitabu chake cha kwanza huku akinyonyesha, daftari kwenye goti moja na mtoto kwenye goti la pili, na tangu siku hiyo hakuna mwaka uliopita bila kitabu. Ishirini na nane vyote pamoja. Enzi za vitabu vyembamba vya hadithi, wachuuzi wa soko la Sabon Gari, Kano, walikuwa wakivipanga mbele kabisa, mwanamke wa kwenye jalada akiwalilia wapita njia. Enzi hizo zilipokwisha, Furera hakukaa kuomboleza. Alihamia kwenye simu, akawa anawatumia wasomaji sura baada ya sura, Kano nzima mpaka Maiduguri, na mke mwenzake Hansai ndiye aliyeishika kazi hiyo ya simu: kuandikisha wasomaji, kutuma sura, na kuwajibu wenye midomo.

Mwaka mmoja goti lilimuuma Furera likamweka ndani miezi saba. Hakwenda sokoni, hakwenda harusini wala matangani. Kila asubuhi baada ya sala alikaa mezani kama kawaida yake, kalamu mkononi, na kilichotoka ni mume mkorofi aliyekwisha kumwandika mara sita, na mama mkwe aliyekwisha kumwandika mara tisa.

"Bi Mkubwa," Hansai alimwambia siku moja, "yule binti mwandishi wa Kaduna anatuma sura tatu kwa siku. Watu arobaini wametuhama wiki hii."

"Watarudi."

"Wakirudi watakuta nini mezani?"

Hansai hakusema kwa uchokozi. Aliuliza vile vile anavyouliza unga umebaki kiasi gani. Ndiyo maana swali likamwingia Furera.

Usiku huo hakulala vizuri, na kulipokucha aliandika kitu alichokuwa amekizungukia miaka yote. Aliandika habari za Balaraba, ambaye siku mumewe anaoa mke wa pili aliingia jikoni peke yake, akamwaga bakuli zima la chumvi kwenye sufuria ya mchuzi wa karamu, kisha akatoka kuwapokea wageni akitabasamu. Hansai aliisoma sura ile, akairudia mara ya pili, akaituma.

Ilikuwa Jumatano adhuhuri. Alasiri hata haijaisha, Jummai, muuza vitambaa wa nyumba ya pili, aliingia bila hodi, kilemba kimekaa upande.

"Hajiya Furera! Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Usinifanye mtoto mie. Ile ya pilipili!"

"Mimi nimeandika chumvi."

"Si umebadilisha ili nisijijue! Pilipili ile niliitwanga kwa mkono wangu, na Mungu wangu ndiye shahidi peke yake. Sasa wewe umeyapata wapi?"

Furera hajafungua mdomo, mlangoni akatokea Malama Tasalla, mwalimu wa shule ya wasichana, simu kaishika kama ushahidi wa mahakamani.

"Ni dada yangu, sivyo? Ni yeye peke yake aliyejua kuwa nilimwaga mafuta ya jenereta ngoma zizime."

"Mwalimu, hapa hakuna jenereta," Jummai akamwambia. "Hapa kuna pilipili. Balaraba ni mimi."

"Wewe? Balaraba mpole hivi, awe wewe?"

"Upole wangu unauonea wapi, ukija dukani unanikopa tu!"

Hansai akaleta mkeka na juisi baridi ya zobo, maana alishaona kuwa hawa hawaondoki leo. Walikuwa wamefika pazuri, kila mmoja akieleza harusi yake toka mwanzo ili athibitishe kuwa kitabu ni chake, wakati Inna Delu alipoingia na fimbo yake. Ni bibi wa miaka zaidi ya sabini, hajui kusoma. Mkwewe ndiye humsomea kila sura inapotoka. Wote wakampisha akae.

"Mimi sikuja kugomba," alisema. "Nimekuja kuuliza. Kwa nini umenikatia katikati?"

"Nimekukatia nini, Mama?"

"Treni iko wapi?"

Inna Delu akanywa zobo, akapangusa mdomo.

"Siku mume wangu anaoa mke wa pili nilikwenda kumtazama bibi harusi, nimtie macho ya ubaya. Nikamkuta analia kuliko mimi. Hataki. Kasema baba yake kamlazimisha. Nikamwambia, vaa viatu. Tukatoka kwa uani, tukapanda treni ya Zaria sisi wawili. Wiki mbili tulikaanga bajia za kosai pale stesheni, mpaka mume wangu alipokuja kutubembeleza. Na hatukurudi siku hiyo. Tulimwambia kwanza auze ule mzigo wa kosai nasi tumtazame."

Jummai alicheka mpaka akashika mbavu. Hata Malama Tasalla aliweka simu chini.

Furera hakucheka. Alihisi vidole vikimwasha kwa hamu ya kuandika, kama zamani. Lakini kwanza alikuwa na deni la ukweli.

"Nisikilizeni," alisema. "Sikuchukua habari ya mtu. Balaraba ni mimi. Chumvi niliimwaga mimi, humu ndani, kwenye jiko lile."

Wanawake watatu wakamgeukia Hansai kwa pamoja, maana harusi yenyewe ilikuwa yake.

"Nilijua tangu sura ilipoingia," Hansai alisema. "Nilikuwa nangoja kama utasema. Bi Mkubwa, siku ile nilikula sahani nzima nikadhani ndivyo mnavyopika kwenu! Mwaka mzima nimewatilia chumvi ya kuwaridhisha!"

"Ndiyo maana mume wetu alikuwa anakunywa maji hivyo," Furera akasema, na hapo akacheka mwenyewe mpaka machozi. Hansai akamshika mkono.

Kisha Furera akamgeukia yule bibi. "Mama, ile treni. Unaniruhusu?"

Inna Delu alifikiri. "Kwa masharti. Usiniandike nalia. Mimi sikulia. Na mwenzangu mwite jina lake, Gambo. Amekufa, lakini angependa."

Asubuhi iliyofuata Furera aliandika sura mbili kabla chai haijapoa. Na kuanzia wiki hiyo alitoa amri: kila Alhamisi baada ya alasiri mlango wa uani uko wazi, aje mwanamke yeyote mwenye habari, na hakitaandikwa kitu bila mwenyewe kukubali. Kama goti halimruhusu kuifuata dunia, dunia ingekuja kukaa mkekani kwake. Alhamisi ya tatu mikeka haikutosha.

Kati ya wale wasomaji arobaini, wengi walirudi, wengine hawakurudi. Siku sura ya stesheni ilipotoka, simu ililia, na Hansai akasikiliza, akaiziba kwa kiganja.

"Ni yule binti wa Kaduna. Anauliza treni umeitoa wapi."

"Mwambie aje Alhamisi," Furera alisema bila kuinua kalamu. "Na aje na daftari. Habari ni nyingi, mimi peke yangu sizimalizi."